Nitafitije utambulisho na matangazo ya chapa ya mavazi ya michezo kwa ajili ya kazi ya usanifu?

Mwanafunzi wa Michoro

Ndugu zangu wasanifu, salaam. Ninasomea usanifu wa michoro, na muhula huu tumepewa kazi ambayo kila mwanafunzi anachagua chapa moja ya mavazi ya michezo, anatafiti utambulisho wake na historia ya matangazo yake, kisha anabuni bango moja jipya ambalo mtu anayeifahamu chapa hiyo atalitambua hata kabla hajaiona nembo. Bango linaambatana na kurasa za maelezo zinazoonyesha jinsi kila uamuzi wa rangi, herufi, picha na maneno ulivyotokana na utafiti.

Nimechagua Nike. Kwa wiki tatu nimekusanya nembo za miaka mbalimbali, picha za viatu, mabango na video za matangazo, na sasa nina picha zaidi ya mia mbili. Nilipompelekea mwalimu wangu, alizipitia zote kwa utulivu, kisha akaniambia kwamba nimekusanya lakini bado sijatafiti, kwa kuwa hakuna hata ukurasa mmoja unaojibu swali. Nimelitafakari neno lake na ninakubaliana naye, ila sijui pa kuanzia.

Kinachonisumbua zaidi ni uhusiano kati ya nembo na matangazo. Maandishi mengi niliyoyasoma yanaisimulia nembo peke yake, tangu ilipochorwa hadi leo, kisha yanayasimulia matangazo peke yake, kana kwamba ni mali za kampuni mbili tofauti, na mimi pia nimezigawa kurasa zangu hivyo hivyo. Jambo la pili ni kwamba visa vingi vinarudiwa kila mahali kwa maneno yaleyale, na nashindwa kujua kipi ni historia na kipi ni sehemu ya tangazo lenyewe. Je, mngeanzia wapi? Na je, Nike imeshaandikwa mno kiasi kwamba ni afadhali nichague chapa nyingine?

Kalamu na Rula

Ndugu mwanafunzi, usiibadili chapa yako. Chapa iliyoandikwa sana ina faida moja kubwa kwa mtafiti, nayo ni kwamba ushahidi wake ni mwingi na unaweza kuulinganisha. Tatizo lako liko kwenye mpangilio wa kurasa, na umeshalitaja mwenyewe.

Anza na jambo hili: mwaka 1971 ile alama inayoitwa Swoosh, ambayo mtu yeyote aliyepita shuleni angeweza kuidhania alama ya vema, haikuwa na maana yoyote kwa mtu yeyote. Phil Knight na kocha wa riadha Bill Bowerman walikuwa wameanzisha kampuni ya Blue Ribbon Sports, iliyokuja kuitwa Nike, mwaka 1964 ili kuuza Marekani viatu vya Onitsuka Tiger kutoka Japani, na walipotaka kuwa na kiatu chao wenyewe walihitaji kitu cha kuweka ubavuni mwake. Knight alimwomba Carolyn Davidson, aliyekuwa mwanafunzi wa usanifu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Portland, achore alama inayoashiria mwendo na isiyofanana na mistari mitatu ya Adidas. Davidson alilipwa dola 35, na Knight alipochagua mchoro mmoja kati ya ile aliyoletewa, alisema kwamba haupendi ila huenda atauzoea. Jina nalo lilipatikana kwa taabu: Knight alipendelea Dimension Six, na mfanyakazi wake wa kwanza, Jeff Johnson, ndiye aliyependekeza Nike, mungu wa kike wa ushindi katika imani za Wagiriki wa kale. Mwaka 1983 kampuni ilimwita Davidson tena, ikamkabidhi hisa pamoja na pete ya dhahabu yenye alama ileile aliyoichora.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki ili kuonyesha jinsi nembo bora ilivyopatikana kwa bei ndogo. Mimi naona kinamfundisha msanifu jambo jingine kabisa. Kama mwenye kampuni mwenyewe hakuiona thamani ya alama siku ile, basi thamani hiyo iliingia baadaye, na mlango iliyoingilia ni matangazo, wanariadha waliovaa viatu hivyo, na miaka mingi ya kuonekana mahali palepale ubavuni mwa kiatu. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 kampuni iliweza kuiacha alama isimame bila neno NIKE kando yake, jambo ambalo mwaka 1971 lingekuwa upuuzi. Kwa hiyo nembo na matangazo ni habari moja, na swali la kwanza la utafiti wako linaweza kuwa hili: katika miaka hiyo ishirini na kitu, matangazo yaliijaza alama hiyo maana gani, na kwa njia zipi?

Sasa zichukue picha zako mia mbili uzipange kwa mfuatano wa miaka, nembo na matangazo pamoja, kila moja na tarehe yake, na zile zisizo na tarehe uziweke kando mpaka uipate. Kisha ziba nembo katika kila tangazo kwa kipande cha karatasi na ujiulize ni nani anayeonekana, yuko katikati ya tendo au kabla yake, bidhaa imekaa wapi, na sauti inayozungumza inamwambia nani. Andika majibu chini ya kila picha kwa sentensi kamili. Ni kazi ya kuchosha, lakini kufikia tangazo la thelathini utaanza kuona mambo ambayo hakuna makala yoyote iliyokuambia.

Nikupe mfano mmoja. Tangazo la kwanza la kampeni ya Just Do It, la mwaka 1988, linamwonyesha Walt Stack, mzee wa miaka 80, akikimbia kifua wazi juu ya daraja la Golden Gate huko San Francisco. Anasema kwamba hukimbia maili 17 kila asubuhi, na kwamba watu humuuliza anafanyaje meno yake yasigongane wakati wa baridi, naye huwajibu kwamba huyaacha kwenye kabati lake. Kisha maneno matatu yanatokea, na tangazo limekwisha. Hakuna anayeeleza soli wala kitambaa. Kampuni ambayo tayari ilikuwa na mchezaji wa mpira wa kikapu Michael Jordan tangu mwaka 1984, na ambayo ingeweza kumweka yeye kwenye kila sekunde ya televisheni, ilifungua kampeni yake kubwa kwa mzee mcheshi ambaye watu wengi hawakuwa wamewahi kumsikia. Kwa nini? Ukiweza kulijibu swali hilo kwa ushahidi, utakuwa umeanza kutafiti.

Mistari Mitatu

Nakubaliana na aliyetangulia, na ninaomba kuongeza jambo moja ambalo lilinisaidia sana nilipofanya kazi inayofanana na yako: usiichunguze chapa moja ikiwa peke yake. Utambulisho wa chapa ni ile tofauti yake na nyingine, na tofauti haionekani mpaka kuwe na jirani wa kulinganisha naye. Nike iendelee kuwa mada yako, lakini tenga kurasa tatu au nne kwa Adidas, hasa kwa kuwa Davidson aliagizwa wazi asiikaribie mistari yake.

Adidas ilisajiliwa na Adolf Dassler katika mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, tarehe 18 Agosti 1949, baada ya yeye na kaka yake Rudolf kutengana; Rudolf ndiye aliyeanzisha Puma katika mji huohuo. Tazama namna alama yake ilivyozaliwa kwa njia iliyo kinyume kabisa na ya Nike. Vipande vya ngozi ubavuni mwa kiatu vilikuwa na kazi ya kukikaza kisipoteze umbo, na baadaye tu ndipo vikawa kitambulisho. Hata hapa kuna masimulizi mawili. Adidas inasema kwamba kiatu chenye mistari mitatu kilisajiliwa mwaka huohuo wa 1949, ilhali kampuni ya Karhu ya Finland husimulia kwamba mistari hiyo ilikuwa yake, na kwamba ilimuuzia Dassler mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kiasi kinacholingana na euro 1,600 pamoja na chupa mbili za wiski. Katika kurasa zako yaweke masimulizi yote mawili na useme kila moja linatoka kwa nani. Msomaji atakuamini zaidi kuliko ukichagua lile linalovutia.

Kwa msanifu, jambo lenye uzito zaidi ni jinsi mistari hiyo ilivyoachiliwa itembee. Inashuka mkononi mwa koti, inateremka pembeni mwa suruali, inapita ubavuni mwa kiatu, na bado ni ileile. Nembo zimebadilika juu yake: jani la sehemu tatu lilitokea mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha mwaka 1991 ikaja mistari iliyoinamishwa na kukatwa kama mlima kwa ajili ya bidhaa zake zilizoitwa Equipment, na hilo jani likabakizwa kwa bidhaa zinazokumbuka enzi za zamani. Mlima huo ulitokana na kazi ya Peter Moore, mtu yuleyule ambaye akiwa Nike alisanifu kiatu cha kwanza cha Air Jordan. Nilipolijua hilo nilirudi kuzitazama kazi zake za pande zote mbili kwa siku nzima, maana ni nadra kupata mkono mmoja uliochora kwa wapinzani wawili, na unaweza kuona kwa macho yako kipi ni cha mchoraji na kipi ni cha chapa.

Kisha usome hukumu ya Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ya tarehe 19 Juni 2019. Adidas ilikuwa imesajili alama ya biashara iliyoelezwa kuwa mistari mitatu inayolingana kwa upana, yenye nafasi sawa kati yake, iwekwayo kwenye bidhaa ikielekea upande wowote. Usajili huo ulibatilishwa, na mahakama ikaukubali ubatilisho huo. Sehemu kubwa ya ushahidi wa kampuni ilikataliwa kwa sababu ilionyesha rangi zilizogeuzwa, yaani mistari myeupe juu ya kitambaa cheusi badala ya myeusi juu ya nyeupe kama ilivyosajiliwa, na ushahidi uliobaki haukutosha kuthibitisha kwamba watu kote katika Umoja huo wanaitambua alama hiyo katika umbo hilo. Alama nyingine za mistari za kampuni hiyo hazikuguswa. Mwalimu wangu wa zamani alitusomesha hukumu hiyo neno kwa neno, na tangu hapo kila ninapoandika kuhusu nembo ninaeleza rangi yake, mandhari yake na mahali ilipokaa, kwa sababu alama iliyogeuzwa rangi inaweza kuhesabiwa kuwa alama nyingine.

Herufi Nzito

Ndugu mwanafunzi, wenzangu wamezungumzia picha na alama, nami kazi yangu ni maneno, kwa hiyo nitabaki hapo.

Umeuliza jinsi ya kutenganisha historia na tangazo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba tangazo ni ushahidi kamili wa kile kampuni ilichotaka watu waamini, na ni ushahidi dhaifu wa kile kilichotokea. Mwaka 1985 Nike ilitangaza Air Jordan kwa kusema kwamba NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, imevitoa viatu hivyo mchezoni lakini haiwezi kumzuia mnunuzi kuvivaa. Barua ya ligi kuhusu viatu vyeusi na vyekundu vya Jordan ilikuwapo kweli, ila wengi waliochunguza historia hiyo wanaona kwamba kiatu kilicholalamikiwa kilikuwa Nike Air Ship, alichokivaa kabla ya Air Jordan. Kwa utafiti wako, tofauti hiyo ni dhahabu: kampuni ililichukua katazo likageuka kuwa tabia ya chapa, kijana asiyetii mipaka. Kwa upande mwingine, kuna visa vinavyosikika kama uzushi na bado ni vya kweli. Dan Wieden, wa wakala wa matangazo Wieden+Kennedy, alieleza mwenyewe kwamba maneno Just Do It aliyatoa kwenye kauli ya mwisho ya Gary Gilmore, mfungwa aliyeuawa kwa hukumu ya kifo mwaka 1977, akabadili neno moja. Kwa hiyo usikihukumu kisa kwa jinsi kinavyosikika. Tafuta ni nani aliyekisema kwanza na alikuwa na nafasi gani ya kujua.

Halafu jaribu zoezi ambalo wanaoandika kwa Kiingereza hawawezi kulifanya. Itafsiri kaulimbiu kwa Kiswahili na utazame kinachovunjika. Ukisema "Fanya tu", sarufi iko sawa na maana ya kamusi ipo, lakini neno "tu" limehamia mwisho na limeleta sauti nyingine: hivyo ndivyo mtu anavyomwambia mwenzake aliyemshinda kwa ubishi, yaani, basi, fanya tu, mimi nimekwisha kusema. Amri imegeuka kuwa ruhusa ya shingo upande. Ukisema "Fanya" peke yake, inakuwa kali na mtu atauliza afanye nini. Ndipo unapogundua kwamba nguvu ya maneno yale iko katika kutotaja jambo lenyewe huku yakichukulia kwamba msikilizaji amekuwa akiliahirisha. Fanya vivyo hivyo na Impossible is Nothing, ambayo Adidas iliizindua mwaka 2004. Kiswahili kinaipokea upesi mno, "Hakuna lisilowezekana", na kwa upesi huo inafanana na jambo ambalo kila mtu ameshalisema, kwa sababu ugeni wa mpangilio wa maneno ya asili umepotea njiani. Kama bango lako litakuwa la Kiswahili, na ningefurahi sana likiwa hivyo, usitafsiri kaulimbiu. Tafuta sentensi ambayo kwa Kiswahili inafanya kazi ileile.

Kuhusu umbo la herufi nitasema machache. Neno NIKE liliandikwa kwa fonti ya Futura, nene na iliyobanwa, na herufi za namna hiyo zimetumika pia katika mabango mengi ya kampuni. Zipime: unene wake, nafasi kati yake, na urefu wa mstari.

Mwanafunzi wa Michoro

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Nimefanya zoezi la kuziba nembo kwa jioni nne mfululizo, na jambo lililojitokeza ni lile la Walt Stack. Katika mabango ya mastaa, mwili uko angani au katikati ya tendo, na maneno ni machache au hayapo. Katika matangazo ya watu wasiojulikana mwili uko chini, unatembea au unakimbia taratibu, na sauti inazungumza zaidi. Nimeamua kwamba swali langu litakuwa hili: Nike inabadilije picha na maneno yake pale inapomwonyesha mtu wa kawaida badala ya bingwa, na ni nini kinachobaki bila kubadilika?

Nimechagua matangazo mawili, lile la mwaka 1988 na la kijana mnene akikimbia barabarani la mwaka 2012. Je, mawili yanatosha? Na je, katika bango langu niweke nembo mapema au mwishoni?

Kalamu na Rula

Swali lako sasa ni zuri, na limetoka kwenye macho yako mwenyewe. Ongeza tangazo la tatu, lile la mwaka 2018 la Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyepiga goti wakati wa wimbo wa taifa mwaka 2016 kupinga dhuluma dhidi ya watu weusi. Yeye ni staa, lakini tazama alivyowekwa: uso wake karibu sana, bila rangi, hachezi wala hana mpira, na maneno yaliyo juu ya uso yanahusu kuamini jambo hata kama litakugharimu kila kitu. Alama na kaulimbiu ni ndogo, ziko chini. Bingwa ameonyeshwa kwa lugha ambayo wewe umeigundua kuwa ni ya watu wa kawaida. Hilo linaitikisa kanuni yako, na inakubidi ulieleze, usilifiche.

Lile la mwaka 2012 nalo lisome pamoja na mazingira yake. Kampeni ile, iliyoitwa Find Your Greatness, ilizinduliwa wakati Michezo ya Olimpiki ya London inafunguliwa, na mdhamini rasmi wa mavazi alikuwa Adidas. Nike haikuruhusiwa kujihusisha na michezo hiyo, ikaenda kupiga picha katika sehemu nyingine zenye jina la London, zikiwemo London ya Ohio, East London ya Afrika Kusini na Little London ya Jamaika. Kijana yule anakuja kuelekea kamera kwenye barabara tupu, kamera ikirudi nyuma polepole, na msimulizi anasema kwamba ukuu haukuwekewa wateule wachache. Wakati ulimwengu mzima ulikuwa ukiwatazama mabingwa, hakuna nafasi ambayo mpinzani aliiacha wazi kuliko mtu asiye bingwa. Unaona jinsi kikwazo cha udhamini kilivyogusa hata uamuzi wa nani aonekane.

Kuhusu bango, nembo iwe kitu cha mwisho kabisa. Likamilishe bila nembo, bila jina na bila kaulimbiu, ukiacha nafasi yake tupu, kisha waonyeshe watu wasiopungua kumi, mmoja mmoja, uwaulize ni la chapa gani na wamejuaje. Usiwasaidie, na usibishane nao. Weka majibu yote kwenye kurasa zako za maelezo, pamoja na ya wale watakaosema Adidas au Puma, na kwa kila jibu la namna hiyo onyesha ni rangi ipi, herufi ipi au mkao upi wa mwili uliowapeleka huko, kisha urudi kwenye mchoro.